Kuzika Wafu Pasipo Mali



Wakristu wapendwa wa Masisi na wa Walikale, nanyi wakatekumeni mnaojitayarisha kwa Ubatizo, somo letu la leo ni juu ya tendo la saba katika matendo ya huruma yanayohusu mwili, ndilo kuzika wafu. Matendo sita ya kwanza Bwana wetu aliyataja mwenyewe aliponena juu ya siku ya hukumu: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, na mengine mnayoyajua. Hili la saba Eklesia iliyaongezea hayo, ikikumbuka mfano wa mzee Tobiti, ambaye aliishi uhamishoni Ninawi na kuwazika ndugu zake waliouawa, ijapokuwa mfalme alikataza. Siku moja ya sikukuu ya Pentekoste, chakula kikiwa mezani, alipewa habari kwamba kuna maiti imetupwa sokoni. Aliacha chakula kabla ya kuonja, akaenda kuichukua, na jua lilipokuchwa akachimba kaburi.

Angalieni, Tobiti hakuuliza kwanza gharama ni kiasi gani. Kwetu siku hizi hilo ndilo swali la kwanza. Mtu akikata roho, kabla jembe halijagusa udongo, wazee wa ukoo huketi na kuhesabu: sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kung'aa, kitambaa cheupe, suti au kikwembe kipya cha marehemu, pikipiki za kuleta mwili kutoka hospitali, bugali na maharagi ya watu wa kilio, kasiksi ya wazee, mbuzi wa siku ya kuondoa matanga. Wakiisha kuhesabu, hutazamana. Fedha hakuna. Ndipo mmoja huenda kwa mkopeshaji wa riba, wale ambao watu huwaita Bank Lambert, naye huweka shamba kuwa rehani. Mwili umelala ndani siku ya pili, siku ya tatu. Na mjane aliyeketi kando yake hawezi hata kulia vizuri, kwa maana moyo wake unawaza deni.

Basi swali la somo letu ni hili: Je, Mkristu asiye na mali aweza kuzikwa kwa heshima yote ya Kikristu? Eklesia yajibu: Ndiyo, aweza, wala asipungukiwe na kitu.

Ili mfahamu jibu hilo, ni lazima tutenge mambo mawili ambayo watu wameyachanganya: yale Eklesia inayoyataka, na yale macho ya majirani yanayoyataka. Eklesia yataka mwili wa mbatizwa uheshimiwe, kwa sababu ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu nao utafufuliwa siku ya mwisho. Yataka uoshwe, ufunikwe, uombewe, ulazwe katika kaburi lililobarikiwa. Ni hayo tu. Sheria ya Eklesia inayodai sanduku haipo. Pia haipo inayodai nguo mpya, wala karamu. Yezu mwenyewe aliviringishwa kitambaa cha kitani, akawekwa katika kaburi la mtu mwingine, Yozefu wa Arimateya, maana yeye hakuwa na kaburi lake. Ni kweli, Nikodemu alileta manukato ya ratili mia hivi, na hakuna aliyemkemea. Mwenye kitu na atoe kwa furaha. Tunalokataa ni maskini kulazimishwa kumwiga Nikodemu kwa fedha za kukopa.

Labda mtu atasema, “Padri, kuzikwa bila sanduku ni kuzikwa kama mbwa.” Tafadhali mtu huyo atazame Mokoto, hapa hapa Masisi. Wamonaki Watrapisti walifika huko mwaka 1954 kutoka abasia ya Scourmont katika Ubelgiji. Desturi ya kale ya shirika lao ni kuzika pasipo sanduku. Mmonaki aliyekufa huvikwa joho lake, hulazwa juu ya machela, ndugu zake huimba zaburi, kisha hushushwa hivyo hivyo udongoni. Hata abate, aliye mkubwa wa nyumba, kwa desturi hiyo huzikwa vivyo hivyo. Hakuna anayesema kwamba amezikwa kama mnyama. Basi mkeka safi uliosukwa na mama wa kijiji, na shuka iliyofuliwa, vyafaa kabisa kwa mkulima wa Nyabiondo kama joho linavyomfaa mmonaki.

Nitaongeza mfano wa karibu zaidi kwa wakati. Zamani Papa akifa aliwekwa katika masanduku matatu, moja ndani ya jingine. Papa Fransisko alibadilisha taratibu hizo mwaka 2024, akaagiza sanduku moja tu la mbao lenye bati ndani. Alikufa tarehe 21 Aprili 2025, akazikwa tarehe 26 katika kanisa la Bikira Maria Mkuu huko Roma, ndani ya ardhi, na juu ya kaburi pameandikwa jina lake tu. Zaidi ya hayo, katika wosia wake alieleza kwamba gharama ya kutayarisha kaburi italipwa kwa fedha iliyotolewa na mfadhili. Papa mwenyewe alizikwa kwa msaada wa mwingine, wala hakuona haya kuliandika jambo hilo. Kwa nini mzee wa Kashebere aone haya kupokea mbao nne kutoka kwa jirani?

Sasa tuseme juu ya sala. Kuna Wakristu wanaoogopa kumwita padri kwa sababu hawana sadaka ya Misa mkononi, au kwa sababu marehemu alikuwa na deni la michango ya parokia. Sikilizeni vizuri. Kitabu cha Sheria za Eklesia cha mwaka 1983, kanuni ya 1181, kinaruhusu sadaka wakati wa mazishi, lakini papo hapo kinaonya kwamba pasiwe na upendeleo kwa watu, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Na kanuni ya 945 yawahimiza mapadri waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa za wahitaji, hata kama hawakupokea sadaka yoyote. Sadaka si bei. Basi, akitokea mtu, awe mzee wa kanisa au mwingine, akwambie kwamba marehemu wako haombewi mpaka madeni yamalizike, usigombane naye mbele ya maiti. Nenda moja kwa moja kwa padri paroko, mweleze kwa adabu hali ya nyumba yako. Michango ya parokia ni wajibu wa kweli, nasi tutaisemea siku nyingine. Ila haidaiwi juu ya jeneza.

Na kama padri yuko mbali? Wako Wakristu katika misitu ya Walikale, upande wa Ntoto au Itebero, ambao padri huwafikia kwa nadra, na mvua zikinyesha njia hazipitiki. Hao wasiuweke mwili wakimngoja. Katekista na aongoze sala za mazishi: asome Neno la Mungu, abariki kwa maji ya baraka yaliyohifadhiwa, asali pamoja na watu kaburini. Mazishi hayo ni mazishi ya Eklesia kweli kweli, si ya daraja la pili. Misa ya marehemu itasomwa padri atakapofika, hata baada ya mwezi mmoja, nayo itamfaa marehemu sawa sawa.

Nanyi wakatekumeni msifadhaike. Sheria yasema wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini katika mambo ya mazishi. Hata mtoto mchanga aliyekufa kabla ya Ubatizo, kama wazazi wake walikusudia kumbatiza, Askofu aweza kuruhusu azikwe kwa sala za Eklesia. Mama wa mtoto huyo asiambiwe azike nyuma ya nyumba usiku kama anayeficha kosa.

Msidhani kwamba taabu ya fedha za kuzikia ilianza Masisi. Wakristu wa kwanza walikuwa nayo, hata wale wa Afrika. Mnamo mwaka 197 Tertulliano wa Kartago, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliwaeleza wapagani habari za kasa ya Wakristu: kila mmoja hutia kitu kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, na fedha hiyo hailiwi karamuni, bali hulisha maskini na kuwazika. Kitabu kingine cha kale, kinachoitwa Mapokeo ya Mitume, kinaagiza watu wasitozwe gharama kubwa ili kuzikwa makaburini, kwa kuwa mahali hapo ni pa maskini wote. Walipe ujira wa mchimbaji na bei ya vigae, basi. Na Kaisari Yuliano, aliyetawala Roma kutoka mwaka 361 hadi 363 na ambaye aliichukia dini yetu, alikiri katika barua yake kwamba jinsi Wakristu wanavyoangalia makaburi ya wafu ni sababu mojawapo ya watu kuwafuata. Adui ndiye aliyetoa ushahidi huo.

Sasa tushuke kijijini. Tuseme mzee mmoja amefiwa na mkewe alfajiri, naye hana kitu ila kuku wawili na shamba la maharagi ambalo halijakomaa. Katekista anafika.

“Pole sana, Baba.”

“Asante, Mwalimu. Tumebaki ukiwa. Nataka uniombee kwa yule mwenye duka anikopeshe fedha, mwanangu ataweka shamba.”

“Baba, kabla ya duka tuhesabu watu. Nani katika shirika letu ana mti wa karatusi uliokwisha kupasuliwa?”

“Yuko jirani wa ng'ambo ya mto, ana mbao za kujengea jiko.”

“Je, seremala?”

“Mpwa wangu. Lakini atataka malipo.”

“Atataka misumari na chakula cha mchana. Misumari nitaitoa katika kasa ya shirika. Vijana watachimba kaburi kama salongo. Mama wa Lejio watamwosha marehemu. Tutazika leo kabla ya mvua ya saa kumi.”

“Na watu watakula nini, Mwalimu?”

“Watakuja nacho.”

Katika neno hilo la mwisho kuna dawa kubwa. Desturi ya babu zetu, Wahunde kwa Wanyanga, Watembo kwa Wakano, ilikuwa mwenye kwenda kilioni huenda na kitu: fungu la sombe, mzigo wa kuni, ndizi. Leo wengi huenda mikono mitupu na tumbo wazi, wakirudi wanalaumu kwamba kasiksi haikutosha. Mimi nasema waziwazi: anayekunywa pombe iliyonunuliwa kwa deni la mjane amemla mjane. Mzee Yoshua bin Sira katika Maandiko Matakatifu anashauri maombolezo ya siku moja au mbili, kisha mtu atulizwe. Siku saba za matanga si amri ya Mungu. Tuliona hayo wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018 na kwisha Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287 pamoja na Ituri. Mwaka 2019 ulifika mpaka Pinga. Siku zile watu walizikwa upesi, bila kuguswa, bila karamu, na Mungu hakuwakataa marehemu wale.

Sasa juu ya kasa ya shirika. Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kwamba Eklesia ijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ndizo mashirika yetu. Shirika lisilo na kasa ya mazishi linangoja msiba na mikono mitupu. Si lazima fedha iwe nyingi. Kila nyumba na itoe kila Dominika faranga chache, au kikombe cha maharagi wakati wa mavuno, nayo yauzwe. Funguo za sanduku zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Mwandishi aandike katika daftari, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Wale walio katika vikundi vya akiba viitwavyo AVEC wanajua tayari mambo hayo, kwa kuwa huko nako huwekwa fungu la kusaidiana mbali na fungu la kukopeshana. Jambo moja ninalisisitiza: kiasi kinachotolewa kiwe sawa kwa wote, na kitolewe siku ile ile ya kifo. Msianze kuchunguza kama marehemu alihudhuria sala zote. Na mkimbizi aliyefia kijijini kwenu, ambaye hamjui hata jina la ukoo wake, azikwe kutoka kasa hiyo. Fedha ya Yuda, iliyokuwa bei ya damu, ilinunua shamba la kuzikia wageni. Je, fedha safi ya Wakristu ishindwe?

Taabu nyingine ni ya mtu aliyefia mbali. Kijana anashuka kuchimba kolta Rubaya, na ardhi inaporomoka juu yake. Mwingine anafia Mubi kwenye machimbo. Mama anapelekwa hospitali ya Goma, haponi. Ukoo wasema, “Mifupa yake ni lazima irudi kwa baba zake.” Najua uzito wa neno hilo, na sitalicheka. Yakobo aliomba apelekwe Kanani, na Yozefu mwanawe alimpeleka. Lakini Yozefu alikuwa mkubwa wa Misri, alikuwa na magari ya farao. Musa, nabii mkuu, alizikwa katika nchi ya Moabu, na mpaka leo hakuna ajuaye kaburi lake. Gharama ya kusafirisha mwili kutoka Goma mpaka Walikale hupita mara nyingi gharama ya kuzika penyewe. Na vita vikiwa njiani, wasindikizaji nao huhatarisha uhai wao. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipotekwa, maiti zilijaa hospitalini, na zipatazo 2,000 zilizikwa kwa siku chache, nyingi bila ndugu kujua mahali. Enyi mliopoteza watu siku zile, wafu wenu hawakupotea kwa Mungu. Simamisheni msalaba kwenye makaburi ya ukoo wenu, ombeni Misa, itajeni siku hiyo kila mwaka.

Ikiwa hospitali inauzuia mwili kwa ajili ya deni la matibabu, usikimbie na kuuacha, wala usipige kelele mlangoni. Nenda kwa mkubwa wa mtaa au wa kijiji, uombe ile karatasi iitwayo kwa Kifaransa attestation d'indigence, inayoshuhudia kwamba huna uwezo. Peleka karatasi hiyo pamoja na barua ya parokia kwa mganga mkuu, na uende ukiongozana na mtu wa Caritas. Omba kupunguziwa, kisha kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Mara nyingine watakukatalia mara ya kwanza. Rudi tena.

Neno kwa ndugu wa marehemu mwanamume. Msichukue mbuzi, bati za nyumba, au shamba la mjane mkisema ni kulipia kilio. Hiyo ni dhambi ya wizi, na sheria ya nchi nayo hairuhusu: Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inawaweka watoto mbele ya warithi wengine, na inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mumewe.

Swali moja tuliloletewa lauliza kama ni halali kuchoma maiti ili kupunguza gharama, kama wafanyavyo katika nchi nyingine. Jibu: tangu mwaka 1963 Eklesia haimkatazi Mkristu jambo hilo, mradi asilifanye kwa kukana ufufuko, lakini inapenda zaidi kuzika, na mwaka 2016 iliagiza majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa. Kwetu hakuna haja. Udongo tunao, na mikono ya kuchimba tunayo.

Swali lingine: “Kaburi la baba yangu halina simenti, je, nifanye nini?” Simenti si sakramenti. Funga vipande viwili vya mti mgumu kwa umbo la msalaba, andika jina kwa chuma cha moto, panda ua pembeni ili ng'ombe wasikanyage. Msalaba ukioza, wekeni mwingine tarehe 2 Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote. Nanyi wakatekista, mkirudi kutoka kaburini, kabla ya kunawa na kula, andikeni katika karatasi jina la Ubatizo la marehemu, jina la ukoo, kijiji, siku ya kifo na mahali pa kaburi, mkampe mtu wa kwanza anayekwenda parokiani, ili padri aliandike jina hilo katika kitabu cha wafu. Kitabu hicho kina ukurasa mmoja kwa wote, nalo jina la maskini huandikwa kwa wino ule ule.